Kituo cha mafuriko shuleni: wanaolala mitaani tuwapange wapi?

Mjumbe_Kamati (Nyamagana)
Wakuu, habari za jioni. Kamati ya maafa ya mtaa wetu, kando ya Mto Mirongo jijini Mwanza, inaandaa kituo cha muda katika shule ya msingi kabla ya masika. Tumepewa madarasa sita. Mkutano wa mtaa umeshakuwa moto: wenye nyumba hawataki kulala pamoja na watu wanaolala barazani mwa maduka na chini ya madaraja. Wanataja wizi, gongo, magonjwa, na mabinti zao. Wengine wanataka mlangoni tudai kitambulisho cha taifa (NIDA) au barua ya balozi wa nyumba kumi, asiye nayo arudi alikotoka. Naomba mwongozo wa vitendo: tuwapokeeje, walale wapi, na ugomvi huanzia wapi hasa?

Mpangaji_wa_Vituo
Mkuu, sharti la kitambulisho liondoeni kabla ya yote. Mirongo hujaa ghafla kwa sababu mvua ikipiga vilima vya mawe maji hayanywei ardhini, yanashuka moja kwa moja. Anayelala karavati ndiye anayefikiwa wa kwanza. Na mwenye nyumba aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni naye hatakuwa na NIDA mfukoni. Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipopiga Japani, wilaya ya Taito jijini Tokyo iliwakatalia watu wasio na makazi kwa hoja kwamba vituo ni vya wakazi. Suala lilifika bungeni na meya akaomba radhi. Hilo lilitokea kwenye mji wenye kila kitu. Sisi tusilipange kwa makusudi.

Sasa ugomvi. Watu wengi hudhani chanzo ni mahali pa kulala. Mara nyingi ni mgao. Siku ya kwanza watu wamelowa, wamechoka, wanavumiliana. Siku ya pili au ya tatu unga na magodoro yanafika, na hapo ndipo utasikia: "Huyu hajapoteza chochote, mbona anapewa?" Dawa yake ni madaftari mawili tangu saa ya kwanza.

Daftari la kwanza ni la waliomo kituoni: jina analojitaja nalo, umri, jinsia, chumba, mahitaji maalumu. Hilo ndilo linalotoa chakula, maji, blanketi na sabuni, kwa kila aliyelala humo. Daftari la pili ni la nyumba zilizoathirika, linajazwa baada ya tathmini, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Hilo ndilo la mabati, vyombo vya ndani na msaada wa kurudi nyumbani. Yatangazeni yote mawili kwa kipaza sauti, na mbandike ukutani maelezo ya nani anapata nini. Mkichanganya, mwenye nyumba ataona anaibiwa haki yake, na majina hewa yatamiminika. Chakula kigaweni kwa chumba, kila chumba na msimamizi wake. Foleni moja ya kituo kizima ndiyo huzaa ngumi.

Vyumba: kila mtu anahitaji mita za mraba 3.5. Pimeni, darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, yaani watu 18. Mkiweka 40 mtagombana hata mngekuwa ukoo mmoja. Msigawe kwa "wenye nyumba" na "wa mitaani". Gaweni hivi: familia zenye watoto, wanawake walio peke yao, wanaume walio peke yao, wazee na wagonjwa karibu na vyoo. Kijana mpangaji wa chumba kimoja na mbeba mizigo wa sokoni wanaingia darasa lilelile la wanaume, na hofu ya mabinti imepata jibu bila kumtenga mtu kwa umaskini wake.

Bwana_Afya
Naongezea upande wangu. Vyoo ni tundu moja kwa watu 20. Siku za mwanzo mnaweza kubanana hadi 50, si zaidi ya hapo. Ya wanawake yawe mengi zaidi, yafungwe kwa ndani, na taa iwake usiku kucha. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Madarasa yote sita yakilaza watu 18 kila moja ni watu 108, sawa na lita 1,620, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 lijazwe kila siku.

Kipindupindu hakiletwi na mtu kwa kuwa analala nje. Kinaletwa na vyoo vya shimo vilivyofurika na maji ya mto kuingia kwenye visima na ndoo. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5: sehemu moja kwa sita za maji kwa sakafu za vyoo. Msinawie hiyo, inaunguza ngozi. Anayeharisha maji mara tatu kwa siku aanze ORS (unga wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, na apelekwe kituo cha afya; ORS iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Mlangoni mwulizeni KILA mtu maswali matatu yaleyale: kikohozi cha wiki mbili au zaidi? kuwashwa usiku? kuharisha? Mwenye kikohozi alale dirishani, madirisha wazi, na apelekwe kupima kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure. Upele hutibiwa kwa wote waliolala pamoja siku moja, la sivyo unazunguka. Nguo zisizoweza kuchemshwa zifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu.

Mgambo_Mstaafu
Mimi siwezi kuwalaumu wenye nyumba. Mtu ameokoa televisheni na mtungi wa gesi tu, lazima aogope. Tengeni darasa moja liwe stoo: mlango mmoja, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, kila mzigo na namba inayolingana na karatasi ya mwenyewe. Mitungi na majiko ya mkaa yasiingie kabisa vyumba vya kulala. Moshi wa mkaa huua watu usingizini. Visu na mapanga yaachwe mlangoni.

Aliyelewa msimfukuze kwenye maji. Mwekeni veranda iliyoezekwa, chini ya ulinzi, hadi pombe imtoke. Na zamu za usiku zichanganye watu: mmoja wa wanaolala mitaani awe mlinzi, maana anawajua wenzake kuliko nyinyi.

Dada_Ustawi
Mmesahau watoto wanaoishi mitaani wasio na mzazi. Hao msiwaingize darasa la wanaume hata kama mvulana ana miaka 15 na anajiita mkubwa. Wapeni kona karibu na familia, pamoja na msimamizi wa kike na wa kiume, na afisa ustawi wa jamii wa kata aitwe siku hiyohiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Msimkabidhi mtoto kwa yeyote anayedai ni mjomba bila ustawi kuwepo.

Mjumbe_Kamati (Nyamagana)
Nashukuruni sana. Madaftari mawili napeleka kikao kijacho. Swali moja limebaki: wanaolala mitaani hawamo kwenye magrupu ya WhatsApp, taarifa watapataje?

Mpangaji_wa_Vituo
TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa angalizo la mvua kubwa, msisubiri maji. Watu wawili wapite kwa miguu jioni, kabla maduka hayajafungwa: madarajani, na maeneo ya Makoroboi na Mlango Mmoja. Waseme jina la shule, geti lipi liko wazi, na kwamba hakuna atakayeulizwa kitambulisho. Mama lishe na walinzi wa maduka waambieni pia, maana hao huonana nao kila usiku.