Hevi metali ilianzia wapi? Mimi nasimama na Blue Cheer

Wadau wa roki, kila tukijadili asili ya hevi metali, yaani roki nzito ya kelele nyingi, tunaishia Birmingham, Uingereza: bendi ya Black Sabbath na albamu yake ya kwanza, Februari 1970, basi. Wachache wanarudi nyuma mwaka mmoja hadi Led Zeppelin. Mimi napinga. Muziki huu ulishakuwepo San Francisco tangu Januari 1968, kwenye Vincebus Eruptum, albamu ya kwanza ya Blue Cheer. Walikuwa watatu tu: Dickie Peterson akiimba na kupiga besi, Leigh Stephens gitaa, Paul Whaley dramu.

Kumbukeni mji wenyewe. Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye kiangazi cha 1967, vijana wana maua kichwani, bendi zinaimba mapenzi na amani. Blue Cheer walitoka humo humo, hata jina lao ni la aina ya LSD, dawa ya kulevya iliyokuwa ikizunguka wakati huo. Ila wao walipanga amplifaya za Marshall nyuma yao kama ukuta, wakafungulia sauti mpaka mwisho.

Sikilizeni "Summertime Blues". Wimbo ni wa Eddie Cochran, wa 1958. Kijana analalamika, halafu bosi, baba na mbunge wanamjibu kila mmoja kwa zamu, kwa sauti nzito. Blue Cheer wameyafuta majibu yote. Peterson anapayuka lalamiko lake, na pale ambapo mkubwa angejibu, vyombo ndivyo vinavyoingia. Mkubwa hapati tena nafasi ya kusema. Kwangu mimi metali ilizaliwa hapo. Na wimbo haukujificha: ulifika namba 14 kwenye Billboard, chati ya muziki ya Marekani, albamu ikafika namba 11. Watu waliusikia, kisha wakausahau.

Najua mtanitajia mpiga gitaa Jimi Hendrix na Cream, bendi ya Eric Clapton, kwamba walitangulia mwaka 1967. Sawa, na Blue Cheer wenyewe walianza wakiwa wengi, wakajipunguza hadi watatu baada ya kumwona Hendrix jukwaani. Deni hilo lipo. Lakini kwa Hendrix na Clapton kelele ilikuwa inatumikia ufundi wa kidole. Kwa Blue Cheer kelele ndiyo wimbo. Wekeni "Rock Me Baby" msikie bluzi inavyoburuzwa polepole mpaka inabaki uzito mtupu.

Hoja inayoniudhi ni ile ya kwamba hawakujua kupiga. "Doctor Please" inakaribia dakika nane, na solo za Stephens mle zinayumba, nakubali. Lakini Black Sabbath nao walipotoka wahakiki waliwaponda vibaya, na leo hakuna anayewavua heshima kwa sababu hiyo. Kwa nini kipimo kibadilike tukifika San Francisco?

Hoja nzito kweli ni moja: kwamba Sabbath ndio waliojenga mtindo mzima, rifu (vipande vya gitaa vinavyojirudia) za mpiga gitaa wao Tony Iommi, mashairi ya giza, kila kitu ambacho bendi zilizofuata ziliiga. Blue Cheer walitoa albamu ya pili, Outsideinside, mwaka uleule wa 1968, kwa sauti kubwa kiasi kwamba sehemu yake ilirekodiwa nje ya studio, kisha Stephens akaondoka na bendi ikaanza kulegea. Hayo siyakatai. Ninachokataa ni kumnyang'anya mtu uasisi kwa sababu hakudumu. Aliyejenga nyumba apewe heshima ya ujenzi, na aliyefyeka kiwanja naye atajwe.

Kwa hiyo naomba tubishane kwa nyimbo, si kwa ukubwa wa majina. Mwenye rekodi iliyotoka kabla ya Januari 1968 na ambayo ni nzito kuliko "Second Time Around" inayofunga albamu hii, ataje wimbo wenyewe tuusikilize.