Ngoma zetu zinavuruga kikao cha jirani, naomba ushauri

Habarini wanajamvi. Mimi ni katibu wa kikundi cha maigizo na ngoma huku pembezoni mwa mji. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa jamii, na chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta mwembamba wa mbao, wakazi hufanya kikao chao kila Alhamisi jioni. Wiki iliyopita mwenyekiti wao alikuwa anasoma mapato na matumizi, sisi tukaanza kupiga. Akaja mlangoni, daftari mkononi, miwani imeshuka puani, akauliza kwa upole tu: "Jamani, hata dakika kumi?" Niliona aibu.

Tumeshatundika mapazia mazito. Yamepunguza mwangwi na ukali wa filimbi, lakini mdundo wa ngoma kubwa unapita vilevile, maana sauti nzito haizuiliwi na kitambaa. Kubadili siku kumeshindikana. Wengi wetu tunabanwa na kazi, na onyesho liko karibu (matangazo tumeshabandika, kwa pupa zetu).

Nimefikiria saa ya kikao tufanye maneno na miondoko, ngoma zisubiri. Wapigaji wamenuna, wanasema wataitwa kuja kukaa bure. Mimi naona wana hoja, ila sioni njia nyingine.

Mliowahi kutumia ukumbi pamoja na kikundi kingine, mligawanaje saa? Na makubaliano mliyaandika, au yalibaki ya mdomo?