Mkataba wa utafiti unaisha, profesa anasema "tulia tu". Nisubiri au nisepe?

Seli_Hai: Wakuu habari zenu, naomba ushauri wa kweli. Nina PhD ya baiolojia, tangu nimalize nafanya utafiti kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, ukikaribia kuisha ndo naambiwa hela za mradi zinakuja. Safari hii mradi wenyewe unafika mwisho, ombi jipya la ufadhili halijajibiwa, na profesa anasema tulia tu maliza kazi. Kazi yenyewe usiku niko maabara, wikendi niko maabara maana seli zinataka kulishwa hata sikukuu, ovataimu hakuna. Benki wanaangalia tarehe ya mwisho ya mkataba wanakurudishia karatasi zako. Kinachonifunga ni makala, data nimekusanya mimi na bado haijatumwa jaridani, naogopa nikiondoka jina langu litasogezwa nyuma au litafutwa kabisa. Sayansi naipenda jamani. Nifanyeje?

Mzee wa Hadubini: Mkuu, "tulia" sio mkataba. Maombi ya ufadhili yanakaa miezi na mengi mazuri tu yanakataliwa, kwa hiyo hata profesa mwenye roho nzuri hana cha kukuahidi. Mwandikie imeili umuulize mshahara wako utatoka wapi mkataba ukiisha na lini atajua. Huku unaomba kazi kwingine, usingoje jibu.

Dada Pipeti: Pole sana. Kuhusu jina, miongozo ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) inayofuatwa na majarida mengi ya tiba inamtambua mwandishi kwa mchango wake, kushiriki kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho na kuwajibika kwa kazi. Hakuna panaposema lazima uwe bado umeajiriwa. Andika rasimu sasa hivi, mkubaliane mpangilio wa majina kwa maandishi kabla hujaondoka. Data usihamishe kimyakimya kwenye flashi, mara nyingi ni mali ya taasisi, omba ruhusa ya maandishi.

Komaa Nayo: Usikate tamaa ndugu, mwanasayansi Katalin Karikó alishushwa cheo chuoni kwake 1995 kwa kukosa ufadhili, akang'ang'ana na mRNA (ile teknolojia ya chanjo za korona), 2023 akachukua Nobel. Komaa!

Dada Pipeti: @Komaa Nayo hapo nakataa kabisa. Karikó mwenyewe 2013 aliondoka chuoni akaenda kampuni ya BioNTech. Na waliokomaa wakaishia kuumwa nani anawataja? Jarida la Nature 2019 liliwauliza wanafunzi wa PhD zaidi ya 6,000, 36% walisema wameshatafuta msaada kwa ajili ya wasiwasi au sonona iliyotokana na masomo. Watu wanaumia, tusiwaambie wakomae.

Mtu wa Takwimu: Mi nauliza, wenzako hapo maabara wana mikataba gani? Nina uhakika ni hiyohiyo. Mwishoni mwa 2022 wafanyakazi wa kitaaluma kama 48,000 wa University of California kule Marekani waligoma, wakiwemo watafiti wa baada ya PhD, na mishahara ilipanda. Mmoja mmoja wasingesikilizwa. Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo jiunge, wakusomee na mkataba wako.

Seli_Hai: Asanteni sana, imeili naandika leo. Ila profesa akijua natafuta kazi si atagoma kunipa barua ya kunipendekeza?

Mzee wa Hadubini: Usimtegemee yeye peke yake. Mtafute aliyesahihisha PhD yako, na yule uliyeandika naye makala mkiwa maabara tofauti, hao wanaijua kazi yako vizuri na hawana sababu ya kukubania. Waombe mapema kabla hujapata tangazo la kazi, wakuandikie kwa utulivu.