Parkinson miaka 34, wazazi wazima. Inakuwaje?

Mama Neema, Umoja: Wadau, kaka yangu hushona nguo Gikomba. Asubuhi ana nafuu. Ikifika jioni vidole vya mguu wa kushoto vinajikunja na mkono unatetemeka, hata uzi hauingii kwenye sindano. Daktari wa neva anasema ni Parkinson, huenda ya kurithi. Baba na mama ni wazima, shosho naye alizeeka bila kutetemeka. Nyumbani washaanza kusema karogwa. Daktari alitaja Parkini na PINK1, yakanipita.

Wa Chiromo: Pole sana, dada. Uchawi hapo hakuna, waambie bila kuogopa. Hizo ni protini mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana. Mitokondria, zinazoipa seli nguvu, zikiwa nzima huivuta PINK1 ndani ikakatwakatwa. Moja ikiharibika, PINK1 hukwama kwenye utando wa nje na kurundikana. Hapo huitia yubikwitini, protini ndogo ya kuwekea alama, fosfeti (kemikali ndogo inayobadili utendaji wa protini), na kuitia Parkini pia. Parkini ikishaamka hubandika yubikwitini nyingine, PINK1 nayo huzitia fosfeti, alama zinazidi hadi mitokondria ile imezwe na kusagwa. Ni kama ile X nyekundu kwenye majengo ya kando ya barabara: tingatinga likija linajua pa kuanzia. Parkini au PINK1 ikikosekana, mbovu zinabaki, na seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kuongoza mwendo wa mwili, huumia zaidi.

Kuhusu wazazi: kila jeni tunayo nakala mbili, na kwa jeni za protini hizi mbili nakala moja nzima inatosha. Huenda baba ana moja mbovu, mama vilevile, kaka akaangukiwa na zote mbili. Jeni ya Parkini ilitambuliwa Japani 1998, ya PINK1 ikafuata 2004.

Nesi Kasarani: Wenye aina ya Parkini wengi huitikia levodopa, dawa ya Parkinson, vizuri hata kwa dozi ndogo, ila mwili kujinyonganyonga huweza kuja mapema. Tafadhali asijiongezee dawa.

Kamau wa Rongai: Kwetu ni babu, kisha baba. Ni hiyo hiyo?

Wa Chiromo: Hapana, mzee. Ikishuka hivyo nafikiria jeni nyingine, LRRK2. Hiyo nakala moja mbovu yaweza kutosha kuleta ugonjwa: kimeng'enya chake huchapa kazi kupita kiasi, kikizitia fosfeti protini za Rab zinazoongoza mizigo ndani ya seli. Na si kila mwenye nayo huugua.

Mama Neema, Umoja: Na watoto wangu?

Wa Chiromo: Ikithibitika ni Parkini au PINK1, hata ukiwa na nakala moja mbovu, wao wangehitaji nyingine kutoka kwa baba yao. Kaka apimwe jeni kwanza, ndipo mjue la kutafuta kwenu wengine.