Mkate usio na gluteni: wa dukani, wa isabgol au wa kumimina, upi hausumbui tumbo?

NganoHapana
Wakuu, nalinganisha njia tatu kwa mtu aliyeacha ngano, lakini mkate wa dukani ulioandikwa "bila gluteni" (protini iliyomo kwenye ngano) unamjaza gesi na kumlegeza choo saa chache baada ya vipande viwili:
1. kubadili aina ya mkate wa dukani
2. kuoka nyumbani kwa isabgol (maganda ya mbegu yanayovuta maji na kuwa jeli)
3. kurudi kwenye mkate wa kumimina

Kibandiko cha mkate unaosumbua: maji, wanga wa muhogo, unga wa mchele, inulini, protini ya njegere, juisi ya tufaha iliyokolezwa, isabgol, E464, E415, hamira, chumvi.

JikoMaabara
Gluteni iweke mwisho kwenye orodha ya washukiwa. Kiwango cha Codex (viwango vya chakula vya kimataifa), Ulaya na Marekani ni kimoja: isizidi miligramu 20 kwa kilo. Hata mkate ukigusa kikomo hicho, gramu 100 zina miligramu 2 tu, na wengi wenye siliaki (ugonjwa ambao gluteni hudhuru utumbo) huvumilia hadi kama 10 kwa siku.

Anza na inulini. Ni nyuzi za mzizi wa chikori. Utumbo mwembamba hauzimeng'enyi, zinashuka nzima hadi utumbo mpana, huko bakteria wanazichachua na gesi inaanza. Kichekesho ni kwamba inulini ni aina ya fruktani, kundi lilelile la nyuzi lililomo kwenye ngano. Utafiti wa Norwe wa 2018 kwa watu 59 wasio na siliaki, waliojiona hawapatani na gluteni, ulikuta fruktani ndizo zilizowasumbua zaidi, si gluteni. Kwa hiyo mtu anakimbia ngano halafu mwoka mikate anamrudishia ndugu yake kwa mlango wa nyuma.

Mshukiwa wa pili ni juisi ya tufaha, ina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi. E415 na E464, gundi za kushikamanisha unga, hutiwa kidogo sana, nisingezilaumu kwanza.

Kwa njia ya kwanza basi: tafuta mkate usio na inulini, chikori, asali wala tufaha. Sukari ya kawaida haina neno. Na mara nyingi mkate ulioandikwa "nyuzi nyingi" ndio wenye inulini.

BiIliki
Njia ya tatu, bila kusita. Sababu kubwa hamjaitaja: mkate wa kumimina unaanza na mchele mzima, haupiti mashine ya kusaga ya mtaani iliyotoka kusaga ngano ya mwenzio.

Mchele vikombe 2, loweka usiku kucha, mwaga maji. Saga kwenye blenda na tui zito kikombe 1 na robo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kidogo kimoja, iliki. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Funika dakika 45 hadi saa nzima. Ukiona povu limepanda, koroga ute wa yai moja, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Oveni nyuzi 180, dakika 35 hadi 45, au mkaa juu na chini, wa juu uwe mwingi.

Chini ukiwa mzito kama ubani, tui lilizidi. Ukipanda kisha ukazama katikati, uliuacha uumuke kupita kiasi. Mchele mpya unaonata nao unaharibu. Na kamua nazi mwenyewe: tui la kopo mara nyingi lina E412, gundi ya guari, na baadhi ya matumbo hayaitaki.

Tanuri200
Bi Iliki, shikamoo, lakini huo ni mkate wa chai, wenye sukari. Wa kupaka siagi kila asubuhi ni wa isabgol:

Unga wa mchele g 200, wanga wa muhogo g 100, unga wa mtama g 100, isabgol ya maganda g 20, maji ya vuguvugu ml 420, hamira g 7, sukari g 10, chumvi g 8, mafuta ml 20. Koroga isabgol kwenye maji, subiri dakika 10 mpaka iwe kama jeli, ndipo uchanganye na vingine. Umua dakika 50, oka nyuzi 200 kwa saa nzima. Usikate kabla ya saa 2, ndani bado unajiweka. Ukikata wa moto utasema haukuiva.

Isabgol ya unga tumia g 14 tu, vinginevyo mkate unakuwa mpira. Vipande 12 maana yake g 1.7 kwa kipande. Asiyezoea nyuzi aanze na kipande kimoja kwa siku na anywe maji.

SomaKibandiko
Ongezeni mawili. Ulaya kuna mikate halali "bila gluteni" yenye wanga wa ngano uliosafishwa. Mwenye siliaki anaula. Mwenye mzio wa ngano asiuguse. Na unga wa lupini, mbegu ya jamii ya kunde: aliye na mzio wa karanga anaweza kudhurika nao. Dalili hapo ni mdomo kuwasha, vipele, kutapika, na huja ndani ya dakika hadi saa 2. Hiyo si gesi, ni ya hospitali.

NganoHapana
Asanteni. Ni vipi atajua ni kiungo kipi?

JikoMaabara
Siku 3 wali, viazi, nyama, mayai, bila mkate wowote. Tumbo likitulia, siku ya 4 kipande kimoja cha mkate usio na inulini, siku ya 5 viwili. Abadili kitu kimoja tu kila mara.

Ila kama hajawahi kupimwa siliaki, asitishe jaribio hilo kwanza, apimwe. Kipimo cha damu cha tTG-IgA kinahitaji awe anakula ngano, zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa wiki 6 angalau. Aliyekwisha acha ngano anaweza kupata jibu la "hana" wakati anao.

BiIliki
Tanuri, marahaba. Punguza sukari iwe vijiko viwili vya chakula, hamira itaumua vilevile, kisha upake hiyo siagi yako.