Ulinganisho: njia ipi inapima vizuri kama wabunge hubadili kura uchaguzi ukikaribia?

Dira_ya_Bunge

Wakuu, kila uchaguzi ukinukia tunaambiwa mbunge fulani ameanza kuwasikiliza wananchi kwa kuwa kiti kinatetereka. Dai hilo linapimika, ila njia zinazotumika hazilingani kwa uzito. Naanza na Seneti ya Marekani kwa sababu data yake ni safi: kura huandikwa kwa jina, na maseneta 100 wamegawanywa makundi matatu (33, 33 na 34) yanayorudi kwa wapiga kura kwa zamu kila baada ya miaka miwili. Siku yoyote ile, thuluthi moja iko karibu na uchaguzi na waliobaki wako mbali.

Njia ninazoziona:

A. Kumfuata seneta mmoja: kura zake za miaka minne ya mwanzo dhidi ya miwili ya mwisho.
B. Kulinganisha kura mbili za jambo linalofanana, moja karibu na uchaguzi na nyingine mbali.
C. Kutumia alama za misimamo zilizokwisha kokotolewa, hasa NOMINATE, yaani nambari anayopewa kila mwanasiasa kutokana na kura zake.
D. Kuchukua kura ileile ya siku ileile, kisha kuwapima wanaogombea mwaka huo dhidi ya wenzao wa makundi mengine.

Mimi naiunga mkono D. Leteni hoja.

Hesabu_Kamili

C iondoe kabisa kwa swali hili. Faili la Voteview, tovuti yenye data za kura za Kongresi, lina safu ya nominate_dim1, na hiyo humpa mwanasiasa nambari moja kwa muda wake wote bungeni. Ukichora mstari wake utakuwa bapa hata kama jamaa aliyumba kila mwaka wa uchaguzi, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Wengi huona ubapa huo wakatangaza kwamba wanasiasa hawabadiliki. Safu ya nokken_poole_dim1 ni afadhali, inabadilika kila Kongresi, ila Kongresi moja ni miaka miwili. Mabadiliko ya miezi minane ya mwisho yanamezwa humo.

A nayo ina ugonjwa wake: ajenda haibaki ileile. Kiongozi wa walio wengi ndiye anayeamua kipi kiletwe, na mwaka wa uchaguzi huficha miswada inayowaumiza watu wake na kuleta ile ya kuwaaibisha wapinzani. Kwa hiyo seneta anaweza kuonekana amehama kumbe ni maswali ndiyo yaliyobadilika.

Kwa D, kazi yenyewe iko hivi. Pakua mafaili matatu ya Voteview: votes, members na rollcalls. Baki na Seneti tu. Kwenye cast_code, safu inayoonyesha mtu alivyopiga, namba 1 hadi 3 ni ndiyo, 4 hadi 6 ni hapana, 7 hadi 9 ni waliokuwepo bila kupiga au waliokosekana. Hao wa mwisho watenge, usiwafute. Ondoa kura ambazo upande mdogo haukufika asilimia 2.5, maana hazitofautishi mtu. Kisha ongeza safu ya mwaka ambao muhula wa kila seneta unaisha, na hapa usijumlishe sita tu kwenye mwaka alioingia. Doug Jones wa Alabama alishinda uchaguzi mdogo Desemba 2017 na kiti chake kilirudi kwa wapiga kura 2020. Ukimpa muhula wa miaka sita umemweka kundi lisilo lake.

Halafu pima nani aliachana na wengi wa chama chake, ukiweka kigezo cha kila kura na kigezo cha kila seneta kwenye hesabu. Kigezo cha kura ndicho kinachoua tatizo la ajenda, kwa sababu wote wanapimwa kwa swali moja.

Mitego miwili. Kwanza, hoja ya kufunga mjadala wa mswada inahitaji kura 60, na ikionekana inaanguka, kiongozi wa walio wengi hupiga hapana ili kanuni zimruhusu kuirudisha baadaye. Kwenye data anaonekana muasi. Mwondoe kwenye kura hizo. Pili, tangu kanuni zilipobadilishwa 2013, kura za kuthibitisha majaji na maofisa zimejaa mno; zipime peke yake, usizichanganye na miswada.

Pwani_Takwimu

B ina mfano mmoja mashuhuri. Kura ya vita vya Ghuba ilipigwa Januari 12, 1991, miezi miwili baada ya uchaguzi, ikapita kwa 52 dhidi ya 47. Kura ya Irak ilipigwa Oktoba 11, 2002, wiki tatu na ushee kabla ya uchaguzi: 77 kwa 23. Inavutia, lakini katikati kulikuwa na mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na rais alikuwa na nguvu tofauti. Huwezi kuitenga kalenda na mengine yote. B itumike kuibua swali tu.

Nyaraka254

Naongeza kitu ambacho D ikifanywa kwa wastani inakificha: shinikizo moja linawasukuma watu pande tofauti. Tazameni Wademokrati wa majimbo aliyoshinda Trump. Aprili 7, 2017, Neil Gorsuch alithibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kwa 54 dhidi ya 45, na Wademokrati waliomuunga mkono walikuwa watatu: Joe Manchin, Heidi Heitkamp na Joe Donnelly. Wote watatu walikuwa wanagombea 2018. Hadi hapo nadharia inashika.

Ikaja kura ya jaji mwingine wa mahakama hiyo, Brett Kavanaugh, Oktoba 6, 2018, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, 50 kwa 48. Manchin akabaki peke yake. Heitkamp na Donnelly wakapiga hapana, wote wakashindwa Novemba, Manchin akarudi. Wagombea walewale, mwaka uleule, majibu tofauti, kwa sababu mgombea ana wapiga kura wa jimbo na pia ana wafuasi wa chama wanaochangia fedha na kujitolea. Ndiyo maana gawa data kwa jimbo kabla ya kukokotoa: majimbo salama, majimbo ya ushindani, majimbo ya chama pinzani.

Na kwa kura hiyohiyo, Lisa Murkowski ameandikwa alikuwepo bila kupiga. Hakukwepa. Alikuwa anampinga Kavanaugh, akajizuia ili Steve Daines, seneta aliyemuunga mkono Kavanaugh lakini alikuwa kwenye harusi ya bintiye, asilazimike kuwepo. Kila rekodi ya namna hiyo isomwe kwa mkono.

Hesabu_Kamili

Sahihi, dada. Kwa anayetaka kuona D ikitoa jibu wazi, aende kwenye biashara ya nje. Paola Conconi, Giovanni Facchini na Maurizio Zanardi walipima kura za miswada ya kufungua biashara na kukuta maseneta walio kwenye miaka miwili ya mwisho huiunga mkono kidogo kuliko wenzao, na hufanana na Baraza la Wawakilishi, ambako kila mtu yuko miaka miwili au chini ya hapo kutoka uchaguzini. Kwa wanaostaafu na wenye viti salama, tofauti hiyo haionekani. Hao wanaostaafu ndio kundi bora la kulinganishia, kila mtu awatafute.

Nyaraka254

Kwa Kenya, D haiwezekani: kati ya wabunge 349, wote 337 wa kuchaguliwa wanaenda kwa wapiga kura siku moja (12 waliobaki huteuliwa na vyama), wa kukaa mbali na uchaguzi hayupo. Hoja nyingi pia huamuliwa kwa sauti, kwa hiyo jina halibaki. Pima waliokosekana. Mswada wa Fedha wa 2024, Juni 20: 204 ndiyo, 115 hapana, maana yake 30 hawakuhesabika. Juni 25, mitaa ikiwa imejaa vijana: 195, 106, na tatu zikaharibika. Sasa nje ni 45. Kambi zote mbili zilipungua, na uchaguzi ulikuwa bado miaka mitatu mbele. Mbunge anayebanwa na kiranja wa chama upande mmoja na wapiga kura upande mwingine hutoweka kwanza. Kabla ya Agosti 2027, wekeni jedwali la majina ya wasiokuwepo kwa kila kura ya kuitwa majina, na tarehe ya kura za mchujo wa chama chake kando yake.

Dodoma_Kati

Kwa Bunge la Tanzania, kura ya bajeti ndiyo ya uhakika, maana wabunge huitwa jina mmoja mmoja. Ila usitarajie kuona mtu akihama. Chini ya Ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja, na chini ya Ibara ya 71 mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake kiti kinaondoka. Kisha kalenda: mwaka 2025 bajeti ilipitishwa Juni, na siku chache baadaye wana-CCM wakaanza kuchukua fomu za kuomba uteuzi. Anayeogopa jina lake kukatwa hawezi kupiga hapana wiki hiyo. Kukaribia kwa uchaguzi kunamsogeza mbunge kwa chama, kinyume na Marekani.

Badala ya kura, someni michango kwenye Taarifa Rasmi. Mbunge husema maji hayajafika kata fulani, barabara fulani imekatika, hata kutishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri (yaani kuzuia fungu hilo lisipite hadi apewe maelezo), kisha anaunga mkono hoja. Hesabuni mara anazotaja kata za jimbo lake kwa kila mkutano wa Bunge, mwaka wa kwanza hadi wa tano.

Dira_ya_Bunge

Mkuu, hapo gawanya kwa dakika alizopewa, si kwa idadi ya michango. Wakati wa bajeti Spika hubana muda, na mwenye dakika tano hawezi kutaja kata nyingi kama mwenye kumi. Na wa viti maalumu watengeni, wao kata za kutaja si za jimbo moja.