Babu alikuwa polisi Tabora au keya wa Bama? Nianzie wapi kutafuta?

mjukuu_ujiji
Habari zenu wadau. Natafuta habari za babu mzaa baba, kwao Ujiji. Baba anasema alikuwa polisi Tabora halafu vita ya pili ikamkuta akachukuliwa keya (askari Mwafrika wa jeshi la mwingereza, KAR) mpaka Bama (Burma, siku hizi Myanmar), ila shangazi anabisha kabisa, anasema babu alikuwa polisi tu, alikuwa akilinda stesheni ya treni. Kwenye sanduku la bati imebaki nyota ya shaba ya ncha sita, utepe wake katikati mwekundu mpana, pembeni bluu na mistari ya chungwa, pia kifungo chenye kichwa cha twiga. Shangazi umri umeenda, natamani tupate ukweli akiwa bado hai. Msaada wenu tafadhali.

Mnyanyembe
Mkuu huo utepe ni wa Burma Star, medali ya waliopigana Bama, isome hiyo nyota katikati utaona maandishi. Umbo usilitegemee, nyota zote za vita ile zinafanana, kinachotofautisha ni maandishi na utepe. Keya wetu walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944 wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka mto Chindwin. Twiga ilikuwa nembo ya Tanganyika enzi za mwingereza, kwahiyo hicho kifungo kinaweza kuwa cha upolisi. Mimi naona baba na shangazi wote wako sahihi, ni miaka tu imepishana.

bi_mwanahistoria
Mdogo wangu usikimbilie Dar kwanza, kaa na shangazi urekodi kwa simu. Usimuulize mwaka, muulize babu aliporudi nani kashazaliwa, nani alikuwa chifu, alifika kwa treni akiwa na nani. Ukishajua miaka ndio uende Nyaraka za Taifa Dar, piga simu kwanza uulize utaratibu. Na ukiwa kule usitafute Kigoma peke yake, enzi hizo Kigoma ilikuwa chini ya Jimbo la Magharibi na makao makuu ni Tabora, watu wengi wanakosa mafaili hapo hapo.

mjukuu_ujiji
Asante sana dada, hilo la jimbo sikulijua. Kuna mtu kaniambia kuna tovuti ya makaburi ya vita, nimetafuta babu hayumo.

bi_mwanahistoria
Hawezi kuwemo, ile ya CWGC (tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola) ni ya waliokufa tu, na babu yako alirudi. Ila itumie kwa wenzake, kama shangazi anakumbuka rafiki aliyebaki huko Bama mtafute yeye, ukimpata utaona batalioni yake na huenda waliandikishwa pamoja. Jaribu majina kwa kila namna, makarani waliandika walivyosikia, Ujiji kwenyewe mtu ni Ramazani halafu kwenye karatasi ni Ramadhani, na mara nyingi ni jina lake na la baba yake tu, la ukoo halimo.